Shikamoo Bibi, Nimefuta Mstari Wako

Mjukuu wangu Xaveria na wenzake wana kitabu ambacho hakiishi kuandikwa. Kiko kwenye mtandao. Kinaeleza namna ya kuendesha mkutano wa watu wasiokutana: mmoja yuko Mwanza, mwingine Mombasa, mwingine Bukavu, kila mtu sebuleni kwake, juu amevaa shati la heshima, chini bukta. Kazi ya Xaveria ndiyo hiyo, kuandaa mikutano ya namna hiyo, na kitabu wanakiandika pamoja ili anayejua jambo amwachie asiyejua. Mtu yeyote mwenye simu anaingia, anaongeza mstari, anafuta mstari, anatoka.

"Mtu yeyote?" nilimwuliza.

"Yeyote, Bibi. Ni kama sufuria ya pilau kwenye shughuli. Kila anayepita anaonja, akiona chumvi haijakolea anaongeza."

"Basi pilau hilo halilambiki."

"Linalika vizuri tu. Mmoja akizidisha, mwingine anapunguza."

Mimi nimepika kwenye misiba mingi ya hapa Maisaka na sijawahi kumwona mtu anayepunguza chumvi. Lakini sikubishana naye. Nilimwomba anionyeshe mlango wa kuingilia.

Nilikuwa na sababu. Xaveria alikuwa amechumbiwa na Kasura, kijana wa Kimaasai wa Simanjiro, mganga wa mifugo anayefanya kazi hapa Babati mjini. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kikao cha mahari, na kikao kilikuwa kimekwama kwa sababu ya mguu. Baba yake Kasura, Mzee Lemuta, alikanyagwa na dume lake mwenyewe. Mguu ukafungwa plasta mpaka juu ya goti, akaambiwa asithubutu kupanda gari. Na sisi hatuwezi kwenda kwao, maana haijapata kuonekana upande wa binti unaomfuata mwoaji nyumbani kwake kumwomba ng'ombe.

Paroko naye alikuwa amesema lake. Wazee wasipokubaliana Jumamosi hiyo, ndoa haitatangazwa Jumapili, na isipoanza kutangazwa Jumapili hiyo Kwaresima itaikuta njiani, na Kwaresima yeye hafungishi ndoa. Baada ya Pasaka Kasura alikuwa anaondoka kwenda kusoma nje, miaka miwili. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi au miaka miwili. Xaveria hakulia wala hakulalamika. Alikuwa anafagia tu. Ukimwona Xaveria anafagia uwanja ambao umekwisha kufagiliwa, ujue.

Basi vijana wakatoa shauri: kikao kifanyike kwa mtandao. Msemaji wetu ni Damiani, mdogo wa marehemu mume wangu. Damiani aliwahi kuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika, na tangu alipotoka kwenye kile kiti hajaona kiti kingine kinachomtosha.

"Kwa utaratibu gani?" akauliza. "Siwezi kukaa kwenye kikao kisicho na utaratibu."

"Upo, Babu," Xaveria akasema. "Umeandikwa. Kuna kitabu."

Aliposikia neno kitabu, Damiani alilainika. Akampigia Mzee Lemuta simu, akaweka sauti ya nje, na wazee wale wawili wakaapa, kila mmoja kwa sauti ya kumshinda mwenzake, kwamba kitakachosema kitabu ndicho kitakachofuatwa na hakuna atakayetoka nje yake. Hakuna aliyewaambia kwamba kitabu chenyewe kina chumvi ya kila mpita njia. Mimi nilijua. Nilinyamaza, nikanunua bando.

Nilianza siku hiyo hiyo. Kuna mahali paliandikwa: *Mwendesha mkutano anaweza kumzima sauti mtu yeyote anayeingilia mazungumzo ya wengine.* Nikamfikiria Damiani. Angezimwa kabla hajamaliza kujitambulisha. Nikaongeza kwa kidole kimoja, taratibu: *isipokuwa wazee wa upande wa binti.* Chini yake kuna kisanduku kinachokutaka ueleze ulichobadilisha. Nikaandika: "Hamjambo wote humo. Nimeongeza kidogo. Bibi Xaveria, Maisaka."

Jioni Xaveria akanijia, simu mkononi.

"Bibi, wiki iliyopita kitabu hiki kilitumiwa na mkutano wa madaktari wa meno. Sasa watasoma upande wa binti. Binti gani?"

"Kwani madaktari wa meno hawana mabinti?"

Alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza wiki ile. Kwa hiyo sikufuta.

Asubuhi nikaingia kukiangalia kitabu changu, nikakuta mstari wangu haupo. Mahali pake pameandikwa: *isipokuwa mzee aliyeumia mguu.* Na kwenye kisanduku: "Shikamoo Bibi Xaveria. Nimefuta mstari wako. Mama Kasura, Simanjiro."

Mama Kasura ndiye Naitira, mke wa Mzee Lemuta. Nilikuwa sijapata kuonana naye. Nilimsifu moyoni kwa malezi, maana wapo wanaofuta bila hata kubisha hodi. Nikamjibu: "Marahaba mwanangu. Poleni na mgonjwa. Nimeurudisha."

Hapo ndipo ilipoanza. Mimi nilikuwa naingia baada ya kukamua ng'ombe wangu, yeye anaingia mchana, nadhani wakati mgonjwa amelala. Jumanne niliandika kwamba mwenyekiti wa kikao atoke upande wenye binti. Siku hiyo hiyo nilimwona Damiani anashuka kwenye bajaji akitokea mjini, amekumbatia bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba mayai. Sikumwuliza. Mtu akifurahi mwache.

Kisha nikafika kwenye jambo lenyewe. Nikaandika: *Ng'ombe waonyeshwe kwenye kamera mmoja mmoja, wakitembea.* Wakitembea, ili nione kama yupo anayechechemea.

Jibu likaja: "Shikamoo Bibi. Ng'ombe hawapangi foleni kama wagonjwa wa zahanati. Nimeandika waonyeshwe kwa wingi wao. Tena nimeongeza, binti aonyeshwe akisonga ugali."

Hapo niliweka simu mezani, nikaenda kuangalia mboga. Kuna mambo ya nyumba ambayo mtu hapendi yaandikwe mahali pa wazi. Niliporudi nikajibu: "Marahaba mwanangu. Binti ana diploma. Ugali nimeutoa. Ng'ombe wabaki mmoja mmoja."

"Shikamoo. Ugali nimeurudisha."

"Marahaba. Nimeutoa."

Huko kwenye kitabu kuna dada mmoja anaitwa Shadya, yuko Dodoma, kazi yake ni kupita na kunyoosha lugha. Naye akapita. Akaandika: "Asanteni sana kwa michango yenu, wadau wa Manyara. Mifano yenu ni hai. Nimeiweka iwafae wote." Nikaangalia. Ng'ombe wangu walikuwa wamegeuka. Pameandikwa: *Vielelezo vionyeshwe kimoja kimoja mbele ya kamera.* Ugali wa Mama Kasura ulikuwa umegeuka *ustadi wa mtoa mada.* Mwenyekiti wangu naye ameondolewa upande wa binti. Sasa *anachaguliwa na pande zote.* Wazee wangu na mguu wa mgonjwa wao wamegeuka *asizimwe mtu kabla hajaonywa.* Mtu wa Kigoma akawa ameandika chini kwamba kile kipengele cha vielelezo kimewasaidia sana kwenye maonyesho yao ya vitenge.

"Bibi," Xaveria akaniambia, "ukurasa wenu sasa ndio unaosomwa kuliko zote."

"Basi waambie wasome polepole, bado tunauandika."

Jumamosi ikafika. Kompyuta ya Xaveria ikawekwa mezani sebuleni, juu ya ndoo ya unga iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mwanangu Clemence, baba yake Xaveria, alikaa pembeni na tai, kimya. Kwetu baba wa binti husemewa. Mimi nilikaa nyuma yake na simu yangu kwenye khanga. Xaveria hakutakiwa awepo. Alikwenda jikoni, na mara tukasikia ufagio.

Upande wa pili wakatokea, kwa simu iliyoegemezwa mbele yao. Mzee Lemuta alikuwa nje, kwenye kiti, kando ya kichuguu, maana kwao mtandao unashika hapo tu. Mguu mweupe umelazwa juu ya kigoda, unakuja mbele ya kamera mkubwa kuliko yeye. Kasura kainama nyuma yake. Naitira nyuma ya Kasura, shanga shingoni, simu mkononi. Nikamwona ananitafuta kwa macho.

Damiani akasimama, akakohoa, akaanza. Akaomba sala, akataja ukoo tangu ulipotoka Mbulu, akashukuru mtandao, akapangusa jasho. Mzee Lemuta alikuwa anamwangalia midomo kama mtu anayemwangalia samaki. Mwishowe Kasura akainua karatasi aliyoiandika kwa kalamu nene: BABU SAUTI HAKUNA.

Wakati wa kuisogeza kompyuta, Damiani alikuwa amebonyeza kitufe. Clemence akakibonyeza tena.

"Nirudie?" Damiani akauliza.

"Fupisha," nikamwambia.

Hakufupisha. Alirudi mpaka Mbulu. Alipofika mwisho akafungua ile bahasha ya kaki, akatoa kitabu. Kitabu hasa, cha karatasi, kimefungwa kwa waya wa plastiki, kina jalada gumu la bluu.

"Kama tulivyoapa," akasema, "tunafuata kitabu. Kipengele cha kwanza. Mwenyekiti wa kikao atatoka upande wenye binti. Kwa hiyo mwenyekiti ni mimi."

Kasura akaangalia simu yake, akamnong'oneza baba yake.

"Hapana," Mzee Lemuta akasema. "Kitabu kinasema mwenyekiti anachaguliwa na pande zote."

"Wewe unasoma kitabu gani?"

"Kile tulichoapia."

"Tulichoapia ni hiki! Kiko hapa, kina muhuri!"

"Muhuri wa nani?"

Damiani akageuza jalada, akaangalia. Akarudisha jalada.

"Wa steshenari," akasema kwa sauti ndogo.

Alikuwa amekwenda Jumanne mjini, akachapishiwa kitabu kizima, akakipigia muhuri ili kisiibiwe maneno. Kitabu chake kilikuwa cha Jumanne. Cha Mzee Lemuta kilikuwa cha asubuhi ile.

"Chako kimezeeka," Mzee Lemuta akasema.

"Kitabu kinazeeka vipi tangu Jumanne? Ni maziwa?"

"Soma kipengele cha kuzima sauti."

"Hawazimwi wazee wa upande wa binti!"

"Uongo. Hapa pameandikwa asizimwe mtu kabla hajaonywa."

"Nani kaandika hivyo?"

Mimi na Naitira tuliangalia chini, kila mmoja kwake.

Mzee Lemuta alikuwa ameinuka nusu, akakumbuka mguu, akakaa kwa maumivu. Ndipo akasema lile neno ambalo sikutaka kulisikia. "Mmeniapisha juu ya kitabu, kisha mkaenda kuchapa cha kwenu. Sisi hatuoi kwa watu wa namna hiyo. Kasura, zima hiyo simu."

"Baba..."

"Zima."

"Azime!" Damiani akasema. "Azime tuone!"

Jikoni ufagio ukanyamaza.

Mimi siyo mwepesi. Lakini nilichomoa simu kwenye khanga, nikaingia mahali petu. Mwisho wa ukurasa, chini kabisa, nikaandika: *Wazee wakigombana juu ya kitabu, kitabu kiwekwe chini, aulizwe bibi wa binti.* Nikabonyeza kuhifadhi.

Kitabu kikakataa. Kikaniambia kuna mtu mwingine anayehariri ukurasa huu huu sasa hivi, na maneno yake yameingia kabla ya yangu. Kikaniwekea yote mawili nichague. Upande mmoja yangu. Upande wa pili: *Wazee wakigombana juu ya kitabu, kitabu kiwekwe chini, aulizwe mama wa mvulana.* Kwenye kisanduku alikuwa ameandika "Shikamoo" tu, muda wa zaidi hakuwa nao.

Nikainua macho. Pale kwenye kompyuta, nyuma ya Kasura ambaye kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya kitufe, Naitira alikuwa ananiangalia.

Ningeweza kumfuta. Nilikuwa nimemfuta wiki nzima, mkono ulishazoea. Nikayaacha maneno yake yalivyo, yeye mbele, nikaongeza nyuma yake: *na bibi wa binti.* Nikahifadhi. Kitabu kikapokea.

"Kasura, mwanangu," nikasema. "Kabla hujazima. Soma mwisho wa ukurasa, chini kabisa."

Kasura akasoma moyoni kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, na sauti ilimtoka ya juu kidogo. "Wazee wakigombana juu ya kitabu, kitabu kiwekwe chini, aulizwe mama wa mvulana na bibi wa binti."

"Humu haumo mstari huo!" Damiani akapekua mpaka jalada la nyuma.

Mzee Lemuta akaivuta simu ya Kasura, akasoma mwenyewe. Ng'ombe mmoja akalia huko nyuma yake. "Huku umo," akasema mwishowe, kama mtu anayetolewa mwiba. "Na mimi nimeapa."

"Hata wewe umeapa, Damiani," nikamwambia. "Weka chini."

Akakiweka kitabu mezani. Baada ya hapo akakifunika kwa kofia yake.

Naitira akaichukua ile simu iliyoegemezwa mbele yao. Uso wake ukajaa kioo kizima.

"Shikamoo Bibi Xaveria."

"Marahaba Mama Kasura. Kumbe ndiye wewe."

"Ndiye mimi. Una vidole vizito wewe mama, kila nikifuta umerudisha."

"Na wewe huna usingizi. Haya, twende kwenye ng'ombe. Mmoja mmoja."

Akacheka. Akaanza kutembea na simu kuelekea zizini, tukaona ardhi, ndala zake, anga, kisha ng'ombe. Akawa ananionyesha majike, huyu na huyu, wazuri, wenye mbavu zilizofunikwa. Mwenyewe nilishaanza kulainika. Mara nikaona pembe zinapita haraka nyuma yao.

"Simama hapo. Huyo mweusi ni nani?"

"Nani?"

"Huyo unayemkinga kwa mkono."

Kwa mbali, kutoka kwenye kichuguu, sauti ya Mzee Lemuta: "Huyo ni dume bora sana!"

"Mama Kasura," nikasema, "huyo ndiye aliyemkanyaga mzee?"

Naitira akaisogeza simu karibu na mdomo. "Ndiye. Mzee alisema apelekwe kwenu, achanganywe katikati, mtamwona mkishampokea. Ndiyo maana niliandika kwa wingi wao."

"Dume lenyewe mbona zuri!" Damiani alikuwa amesogea nyuma yangu. "Tunalichukua!"

"Utalichunga wewe, shemeji?"

Akaliangalia vizuri. Lilikuwa linakwangua chini kwa kwato. Akarudi kwenye kiti chake.

"Bibi," Naitira akasema, "mimi nimesema ya kwetu. Na ule ugali?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Nikajua yuko nyuma yake. Nikafikiria diploma, nikafikiria miaka miwili.

"Ugali wa Xaveria una madonge," nikasema. "Nimemfundisha tangu akiwa mdogo. Anajua kuwakutanisha watu wa Bukavu na Mombasa, lakini unga na maji anashindwa kuwapatanisha."

"Madonge makubwa?"

"Mengine unaweza kumtupia kuku ukamwumiza."

"Bibi!" ikatoka sauti nyuma ya mlango.

Naitira alicheka mpaka simu ikatuonyesha mawingu. Aliporudi alikuwa anapangusa macho kwa shuka. "Basi sikiliza. Dume letu tutabaki nalo. Madonge yenu tutayala. Majike uliyoyaona ni yenu. Umeridhika?"

"Nimeridhika. Baba Kasura ameridhika?"

Mzee Lemuta akauliza kutoka kwenye kichuguu, "Huyo binti anajua kufunga bandeji?"

"Anajua!" Kasura akajibu mbio.

"Basi. Dume limebaki, atapata kazi."

Clemence, ambaye hakutakiwa kusema neno, alipiga makofi peke yake, tena akakumbuka, akaiweka mikono magotini. Xaveria akatoka jikoni na ufagio mkononi, akasimama katikati ya wazee hivyo hivyo, akawasalimia wakwe zake kwenye kompyuta, mmoja mmoja, wakiwemo ng'ombe.

Jumapili paroko akasoma majina. Aliposema mwenye kizuizi aseme, nilimgeukia Damiani, maana alikuja na kile kitabu cha bluu kanisani na sikujua amekusudia nini. Alikuwa anajipepea nacho tu.

Wiki hiyo Shadya wa Dodoma alipita tena kunyoosha ukurasa wetu. Maana mimi na Mama Kasura tulikuwa tumeandika pamoja, yeye mstari, mimi mstari, bila kufutana: *Pande mbili zikikwama, kila upande utaje kwanza kasoro yake mwenyewe. Mfano dume. Mfano madonge.* Shadya akaacha mstari, akatoa mifano. Kisandukuni akauliza kwa adabu kama wasomaji wa nchi nyingine wataielewa.

Kabla sijafungua bando, Mama Kasura alikwisha kufika. "Shikamoo dada Shadya. Dume nimelirudisha."

Nikaongeza chini yake: "Hamjambo wote humo. Na mimi nimerudisha madonge."

Mpaka leo hajatufuta.